Rangi Huja Mwisho

Imigongo haionyeshi mtu, ng'ombe wala mlima, na bado macho hayachoki kuitazama. Ni uchoraji wa Gisaka, mashariki mwa Rwanda. Simulizi huuhusisha na Kakira, mwana wa mfalme aliyezipamba kuta za nyumba yake kwa ndani, lakini waliouhifadhi ni wanawake, mama akimrithisha binti.

Mtazame fundi akiwa kazini. Huchanganya kinyesi kibichi cha ng'ombe na jivu, linaloondoa harufu. Huchora mistari kwa makaa juu ya ubao, kisha hukandika tuta jembamba la mchanganyiko huo juu ya kila mstari. Gumba na kidole cha shahada hubana, husukuma, hulainisha, mpaka tuta linasimama na ukingo wake umenyooka bila rula. Ubao huachwa ukauke kabisa, husuguliwa, ndipo rangi huingia: nyeupe na nyekundu za udongo, na nyeusi ya maganda ya ndizi yaliyochomwa, yakachanganywa na utomvu wa mshubiri. Hapo fundi hutuliza hata pumzi, kwa kuwa nyeusi ikivuka mpaka wake huonekana papo hapo. Kazi ikikamilika, pembe na misokoto ya matuta hayo hubadilika na jua: kivuli cha asubuhi huangukia upande mmoja wa tuta, cha jioni upande wa pili.

Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 sanaa hii ilikaribia kupotea. Wanawake, wakiwemo wajane, waliifufua kwa kuungana katika vyama vya ushirika.

Sanaa hii inaweza kustawi hapa Uganda pia. Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, ilipokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959, na leo Wanyarwanda wanaishi humo pamoja na Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Mahitaji makuu ya imigongo yako jirani: ng'ombe wa Ankole, migomba iliyotanda hadi Mbarara, udongo mwekundu, jivu la kila jiko. Hakuna haja ya kungoja turubai na rangi za dukani.

Kwa hiyo nawasihi akina mama na bibi mnaoijua kazi hii: muwaite mabinti waketi karibu nanyi. Nanyi walimu wa Nakivale na Mbarara, mnapofundisha sanaa isiyoiga umbo la kitu, anzeni na imigongo. Wanafunzi watajua kwamba sanaa hiyo ina wenyewe hapa kwetu, na kwamba msingi wake ni subira.