Pima Jicho Kwanza, Kisha Upime Anga

Je, ulimwengu ulipoanza ulipendelea upande mmoja? Kama haukupendelea, basi galaksi zinazoonekana zikizunguka kwa mwendo wa saa na zile za kinyume chake zinapaswa kukaribia nusu kwa nusu, popote utakapoelekeza darubini. Mzunguko unafaa kwa swali hili kwa sababu una asili ya kale: galaksi ilipokuwa bado wingu la gesi na mata giza, mvutano wa mawingu jirani uliisokota, na msokoto huo haupotei kirahisi. Mwaka 2021, kundi la watafiti akiwemo Ue-Li Pen lilionyesha katika jarida la Nature Astronomy kwamba mizunguko ya galaksi za leo bado inahusiana na hali ya ulimwengu wa mwanzo.

Ugumu uko kwenye kuhesabu. Julai 2007, mradi wa Galaxy Zoo uliwaomba watu wa kawaida wapange karibu picha milioni moja za galaksi, zilizopigwa na darubini ya Sloan huko New Mexico, Marekani. Kwa kila galaksi yenye mikono iliyojisokota, walichagua mikono inajipinda upande gani, ishara ya mwelekeo wa mzunguko: kama herufi S au kama Z. Hesabu zilipojumlishwa, S zilizidi.

Hapo mtafiti Kate Land na wenzake wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote. Waligeuza sehemu ya picha zilezile, kama zinavyoonekana kwenye kioo, wakazirudisha kwa wapangaji. Kwenye kioo S huwa Z. Kama tofauti ingekuwa ya anga, sasa Z ndizo zingezidi. Lakini S ziliendelea kuzidi. Upendeleo ulikuwa wa jicho la binadamu. Baada ya kuurekebisha, galaksi takriban 37,000 hazikuonyesha upande uliopendelewa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008.

Mwaka 2025 swali lilirudi kwa kishindo. Lior Shamir wa Chuo Kikuu cha Kansas State alitumia programu ya kompyuta kupanga galaksi 263 zilizopigwa picha na darubini ya James Webb: 158 upande mmoja, 105 upande mwingine. Katika idadi hiyo, bahati tupu huisogeza hesabu kwa takriban galaksi 8 kutoka nusu. Hapa imesogea zaidi ya 26. Si tofauti ya kupuuzwa. Hata hivyo, galaksi hizo zinatoka kwenye kipande kidogo sana cha anga, na mwaka 2024 watafiti Dhruva Patel na Harry Desmond walichambua upya seti kadhaa za data za awali wasipate upendeleo wowote.

Kinachohitajika ni anga pana, kaskazini na kusini. Kinango katika Kaunti ya Kwale, nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, inatuonyesha zote mbili: Desemba saa mbili usiku, mbali na taa, galaksi ya Andromeda iko kaskazini na galaksi iitwayo Wingu Dogo la Magellan iko kusini kwa wakati mmoja. Sloan imeona zaidi kaskazini. Darubini ya Rubin nchini Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, itajaza upande wa kusini. Basi mwalimu wa fizikia Kwale na awape wanafunzi picha hamsini za galaksi, nusu zikiwa zimegeuzwa bila wao kujua, wazipange, kisha walinganishe. Atakayedai kwamba ulimwengu una upande aupendao, tumuulize kwanza matokeo yake ya kioo.