Pumzi Inayobaki

Kabla ya noti ya kwanza alitoa pumzi. Nilidhani angevuta, kama mtu anayejiandaa kupiga mbizi, lakini alishusha mabega, akaitoa hewa yote, ndipo akavuta kidogo tu na kumtazama mpiga piano. Ilikuwa jioni ya Aprili, katika ukumbi mdogo wa chuo kikuu jimboni Indiana, Marekani. Binti huyu alikuwa akitoa onyesho la mwaka wake wa mwisho, lile ambalo mwanafunzi wa upigaji ala hahitimu bila kulipitia. Ala yake ni obo. Alinialika kwa sababu kwa miaka miwili alikaa mstari wa mbele katika darasa langu la Kiswahili, na kwa sababu ya swali aliloniuliza siku moja wenzake walipokwisha kutoka: "Mwalimu, mpingo ni mti wa namna gani?"

Nimezaliwa Kilwa. Mpingo kwangu ulikuwa mchi wa bibi, rungu lililowekwa nyuma ya mlango, na vinyago vya Wamakonde vilivyopangwa kando ya barabara. Binti akafungua kasha, akanionyesha vipande vitatu vyeusi vyenye vibonyezo vya fedha. Sikuwahi kuuona mti wa kwetu ukiwa umevishwa hivyo. Niliomba kushika kipande kimoja, nikaujua uzito wake kabla macho hayajasadiki, maana mpingo ni mti unaozama majini. Hukua taratibu mno. Yapata miaka sabini hadi mia hupita kabla shina halijafaa kukatwa, na hata hapo huwa limepinda na kujaa nyufa, hivyo fundi wa ala huambulia sehemu ndogo tu ya gogo. Siku hizi vijiji kadhaa vya Kilwa vinaisimamia misitu yake vyenyewe, na mwaka 2009 baadhi yake vilipata cheti cha FSC kinachomhakikishia mnunuzi kwamba mti haukuibwa. Nilimweleza yote hayo kwa fahari ya mtu anayemsifia ndugu yake ugenini.

Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akatoa kibweta kidogo mfukoni, akanionyesha kitu kisichozidi urefu wa kidole. "Mwili ni mpingo, Mwalimu. Lakini sauti ni hii."

Wiki iliyofuata alinikaribisha kwenye meza yake ya kazi. Nilikuta visu, jiwe la kunolea, nyuzi za nailoni za rangi, glasi ya maji na taa kali. Tete analolitumia hulimwa Var, kusini mwa Ufaransa, na humfikia likiwa vipande vikavu vyenye kipenyo cha milimita 10 hivi. Kila kipande hukipasua sehemu tatu kwa urefu. Kila ubale hukombwa kwa ndani mpaka katikati yake ubakie unene wa milimita 0.6, kisha huloanishwa, hukunjwa, huchongwa kiuno na kufungwa kwa uzi juu ya kimrija cha shaba kilichovikwa gome la koki. Bado ni bubu. Ncha hukatwa ili zipatikane ndimi mbili zinazotazamana, ambazo kwa pamoja ndizo ulimi wa obo, na hapo ndipo kupara kunapoanza.

Alipara kama mama anayepara samaki, mikwaruzo mifupi kuelekea ncha, ila kilichodondoka mezani kilikuwa vumbi tu. Mikwaruzo mitatu, akainua ulimi kwenye taa: mwanga ulipenya nchani, ukafifia katikati. Miwili mingine. Akautia mdomoni peke yake, bila obo, akapuliza, nao ukalia kama kunguru. Kilio hicho ndicho kipimo chao. Kinatakiwa kiwe C ya juu na C ya chini kwa pamoja. Huu ulilia vingine. Akapara tena, safari hii kidogo sana, kiasi kwamba mimi niliyekaa karibu sikuona kilichopungua. Ulikuwa wa nne siku hiyo, na mbili alikwisha kuzitupa.

Nilimuuliza kama zinauzwa dukani. Zinauzwa, alisema, lakini kila mdomo una namna yake. Mtindo huu wa kupara kirefu, mpaka karibu na uzi, Wamarekani waliupata kwa Mfaransa Marcel Tabuteau, aliyekuwa mpiga obo mkuu wa okestra ya Philadelphia kuanzia 1915 hadi 1954 na mwalimu katika chuo cha Curtis mjini humo. Wanafunzi wake walienea katika okestra za nchi nzima, wakafundisha wengine, na wengine wakafundisha wengine, hadi kisu kikafika mkononi mwa binti huyu. Huo ni urithi wa jando hasa: mikono ikifundisha mikono.

Na ulimi ukishapatikana, haudumu. Saa kumi na tano hivi za kupigwa, pengine pungufu, huwa umechoka. Hewa ikikauka, nao hukauka. Mvua ikikaribia, nao huvimba. Jambo hili liliniganda moyoni kuliko mengine yote. Mti uliongoja karibu karne nzima katika pori la kusini huzungumza kwa ulimi usioumaliza mwezi, na katikati yao yupo mtu anayekubali kuketi tena mezani kila baada ya siku chache, aanze upya kutoka kwenye tete bubu.

Sisi wa pwani tuna ndugu wa chombo hiki. Zumari nayo hulia kwa ulimi, ndiyo zumari ambayo wazee walisema ikipigwa Unguja watu wa bara hucheza. Mpigaji wetu huutia ulimi wote kinywani, akajaza mashavu hewa na kuvuta nyingine puani, sauti isikatike hadi alfajiri. Ni sauti ya uwanjani. Katikati ya karne ya 17, mafundi wa Ufaransa katika zama za Louis wa 14 waliichukua ala ya ukoo huo na kuitengeneza upya iweze kulia ndani ya nyumba, ulimi ukashikwa kwa midomo. Tangu hapo kazi ya mpigaji ikawa kuzuia. Tundu la ulimi ni jembamba mno, hewa haipati pa kutokea, na mpiga obo hukabwa na pumzi iliyojaa kifuani na kuchakaa. Ndiyo maana alianza kwa kuitoa.

Kwa kawaida obo ndiyo inayoipa okestra nzima A ya kulinganishia sauti. Jioni ile aliiomba kwa piano, kwa kuwa piano haiwezi kubadilishwa pale jukwaani, akainama kidogo kuipokea. Alianza na Romansi tatu za Schumann za mwaka 1849, zenye sentensi ndefu ambazo karibu hazina mahali pa kupumzika. Niliona shingo yake ikiwiva. Ndipo nilipomwelewa mpiga piano, mwanamume wa makamo aliyevaa shati jeusi: kila binti alipohitaji nafasi ya kutoa pumzi na kuvuta nyingine, mkono wake wa kushoto ulichelewa kidogo tu, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango huku akiendelea na mazungumzo.

Katika sonata ya Saint-Saëns, aliyoitunga 1921 akiwa na miaka 85, mwaka ule ule aliofariki, kuna mahali katika sehemu ya pili ambapo piano hukusanya sauti zake na kunyamaza, na obo huimba bila kuhesabu mapigo. Hapo mpiga piano aliondoa macho kwenye karatasi, akamwachia. Baada ya sehemu hiyo tulisikia maji yakigugumia kwenye tundu moja la obo. Binti akachomoa karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, akaipenyeza chini ya kibonyezo, akapuliza. Mpiga piano alifunua ukurasa polepole sana mpaka kazi ile ilipokwisha.

Mwisho aliweka sonata ya Poulenc, ya 1962, iliyotungwa kwa kumkumbuka Prokofiev. Poulenc mwenyewe alifariki Januari 1963, kabla haijapigwa hadharani. Sehemu yake ya mwisho ni maombolezo, na yahitaji moyo kuwaaga watu kwa sauti ndogo badala ya shangwe. Alipiga chini, karibu na kunong'ona, kisha juu kabisa, mahali ambapo ulimi uliopungua au kuzidi hata kwa mkwaruzo mmoja ungemwaibisha. Haukumwaibisha. Noti ya mwisho ilipungua hadi sikuweza kusema imekoma lini. Mikono ya mpiga piano ilibaki juu ya vibao. Hakuna aliyepiga makofi bado, na katika kimya hicho, kutoka safu ya tatu nilipokaa, nilimsikia binti akiitoa ile pumzi aliyokuwa ameibana, ndefu, mpaka ikaisha.