Mshtuko Mmoja, Maana Nne: Uhakiki wa Istilahi za Moyo Unaosimama Uwanjani

Miongoni mwa kazi zinazofika mezani pa mkuza istilahi, nyingi zaweza kungoja. Istilahi ya benki au ya forodha ikikawia mwezi mmoja, hakuna atakayepoteza uhai wake. Lakini yapo makundi machache ya istilahi ambayo kasoro zake hazivumiliki, kwa sababu mwenye kuyatumia hana nafasi ya kuuliza mara ya pili. Makala haya yanakusudia kuhakiki kundi moja la namna hiyo, yaani maneno tunayoyatumia pale kijana mwenye nguvu na afya anapoanguka ghafla katikati ya mchezo, pengine bila hata kuguswa na mtu, naye asiinuke.

Si muda mrefu uliopita, chama kimoja cha michezo kilituletea rasimu ya tafsiri ya maelezo ya mashine inayotumika kumwokoa mtu wa namna hiyo. Mashine yenyewe ni kijisanduku cha kubebeka chenye vibandiko viwili vinavyowekwa kifuani mwa aliyeanguka. Huupima mwenendo wa moyo, na ikibidi huupitishia umeme kwa nukta moja tu. Rasimu ile ilisomeka hivi: “Mtu aliyepata mshtuko wa moyo apewe mshtuko mara moja. Mwokoaji ajihadhari asipate mshtuko. Mgonjwa akizinduka, aangaliwe asiingie katika mshtuko.” Tulipoisoma kwa sauti, wenzangu walicheka. Mzee mmoja, mhudumu wa ofisi, aliyekuwa akitugawia chai, hakucheka. Aliuliza kwa upole: “Sasa, mwanangu, huyu ameshtushwa na nini?”

Swali la mzee huyo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Katika sentensi tatu fupi, neno “mshtuko” limebebeshwa dhana nne zisizofanana. Ya kwanza ni ugonjwa wa moyo wenyewe. Ya pili ni umeme unaotolewa na mashine kwa ajili ya tiba. Ya tatu ni ajali ya kupigwa na umeme huo. Ya nne ni ile hali ambayo matabibu huihofia, ya damu kutofika viungoni kwa kiasi cha kutosha. Tena zote nne zimemsukuma kando mwenye neno hasa, yaani ile maana ya asili anayoijua kila msemaji wa Kiswahili: kushtuka kwa hofu au kwa habari ya ghafla. Ndiyo maana mzee aliuliza alichouliza. Hakukosea yeye, iliyokosea ni rasimu yetu.

Haidhuru, pengine msomaji atasema, muktadha utamsaidia mtumiaji. Katika maandishi ya kitaaluma jambo hilo huenda likawa kweli. Uwanjani si kweli. Ili tuone sababu yake, yatupasa kwanza kuzitenganisha dhana mbili ambazo habari zetu za michezo, magazetini na redioni, aghalabu huziita kwa jina moja la “mshtuko wa moyo”.

Dhana ya kwanza ni ile ya mshipa unaopeleka damu katika msuli wa moyo kuziba, na sehemu ya msuli huo kuanza kufa kwa kukosa damu. Mwenye kupatwa na hali hii mara nyingi huwa macho. Husema kifua kinambana, hutoka jasho, huweza kueleza maumivu yanakoelekea. Anahitaji kufikishwa hospitali upesi. Dhana ya pili ni ile ya moyo wenyewe kuacha kusukuma damu kwa sababu mpango wa umeme wake wa asili umevurugika. Huyu haongei wala halalamiki. Huanguka, hupoteza fahamu katika muda wa sekunde chache, na hapumui ipasavyo. Hospitali ni ya lazima kwake pia, lakini akingojea kufikishwa huko bila kutendewa lolote, atafika maiti. Hali ya kwanza yaweza kuzaa ya pili, lakini si hali moja. Kwa wanamichezo vijana, ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi, nayo mara nyingi hutokana na hitilafu za kuzaliwa nazo ambazo hazikuwahi kuonekana.

Mifano ya watu mashuhuri itatusaidia. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka katika dakika ya 72 ya mchezo dhidi ya Kolombia, akiwa na umri wa miaka 28. Hakuna mchezaji aliyekuwa karibu naye. Alifariki dunia, na uchunguzi ulionyesha kuwa msuli wa moyo wake ulikuwa mnene kupita kawaida. Tarehe 17 Machi 2012, jijini London, Fabrice Muamba, kijana wa miaka 23 mzaliwa wa Kinshasa, alianguka akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kufanya kazi yake, akapigwa umeme mara 15, naye akapona. Tarehe 12 Juni 2021, jijini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka kabla ya mapumziko katika mchezo dhidi ya Finland. Mashine ilikuwa pale uwanjani, na moyo wake ulirudi baada ya kupigwa umeme mara moja tu. Mwezi Februari 2022 alirudi tena uwanjani kama mchezaji.

Ukiyatazama matukio hayo, utaona kwamba kuyaita “mshtuko wa moyo” ni kumfundisha msomaji somo lisilo sahihi. Atajifunza kuwa jambo hili ni la aina moja na lile lililompata jirani yake mwenye umri wa miaka 65 aliyebanwa kifua usiku, akapelekwa hospitali kwa gari asubuhi. Na siku kijana atakapoanguka mbele yake, atatafuta gari. Kila dakika inayopita bila kukandamiza kifua wala kupiga umeme, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Gari likipatikana baada ya robo saa, limepatikana bure.

Wengine hawatatafuta hata gari. Sote tumewahi kusikia kelele za pembeni mwa uwanja: “Mpisheni hewa!” “Mmwagieni maji!” “Mshikeni ulimi asiumeze!” Wengine husema ni presha, wengine kifafa, maana katika dakika ya kwanza mwili waweza kutikisika na mtu akawa anatweta kwa vipindi, jambo linalowadanganya watazamaji kuwa anapumua. Na pale ambapo hakuna jina linalokubalika, jina jingine halikosi kupatikana: husemwa kuwa ni mkono wa mtu. Pengo la istilahi halikai tupu. Hujazwa na dhana potofu. Hapo ndipo kazi yetu inapokutana na uhai wa vijana.

Napendekeza basi hatua zifuatazo.

Kwanza, dhana ya mshipa kuziba iitwe “shambulio la moyo”. Neno hili tayari linatumika na baadhi ya waandishi, na linafaa, kwani mwenye kushambuliwa huwa hai na hulalamika.

Pili, dhana ya moyo kuacha kusukuma damu iitwe “kusimama kwa moyo”, na ikitokea bila dalili za kutangulia, “kusimama kwa ghafla kwa moyo”. Wataalamu wamenipinga kwa hoja kwamba mara nyingi, katika dakika za mwanzo, moyo haujatulia bali unatetemeka ovyo. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande wa tiba, lakini haina nguvu kwa upande wa lugha. Katika Kiswahili, kitu husimama pale kazi yake inapokoma. Tunasema “kazi imesimama” hali wafanyakazi wako palepale wakienda huku na huko. Moyo unaotetemeka pasipo kusukuma damu umesimama kwa maana hiyohiyo. Wala tusikubali “kifo cha ghafla” kuwa jina la tukio. Kifo ni matokeo ya kushindwa kuokoa. Kama tungeliita tukio hilo kifo, Muamba angalitajwa kuwa marehemu naye yu hai.

Tatu, mtetemeko huo wenyewe unahitaji jina. Wapo wanaopendelea kuutohoa kutoka lugha za kigeni. Sioni haja. Kuku aliyechinjwa hupapatika: mabawa yanakwenda kwa nguvu, lakini hayamfikishi popote. Hivyo ndivyo hasa ulivyo moyo katika hali hii. Neno “mpapatiko” limo ndani ya lugha, lina picha iliyo wazi, na mtoto wa kijijini atalielewa kabla ya daktari kulifafanua.

Nne, umeme unaotolewa na mashine uitwe “shoti”. Najua wapo watakaokunja uso kwa kuwa ni neno la mkopo na la mtaani. Lakini kanuni ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili haimaanishi kulikimbia neno ambalo wananchi wamekwisha kulifanya lao. Mtu anayeambiwa “msimguse, shoti inatolewa” huondoa mkono wake bila kuambiwa mara mbili. Anayeambiwa “mshtuko unatolewa” huenda akabaki akitafakari. Neno “mshtuko” lirudi kwa mwenyewe, kwenye hofu na habari za ghafla, na matabibu wakitaka kulibakiza kwa ile dhana yao ya damu kupungua viungoni, waseme “mshtuko wa damu” ili lisichanganyike na jingine.

Tano ni tendo la mwokoaji. Baadhi ya vitini vya huduma ya kwanza husema “kukanda kifua”. Hili ni kosa la hatari. Anayekanda, hukanda unga au hukanda misuli iliyochoka kwa mafuta, naye hufanya hivyo kwa upole. Kinachotakiwa hapa ni kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Tofauti ya “kukanda” na “kukandamiza” ni silabi mbili tu, lakini uhai wa mtu umelala kati yake. Halikadhalika “kufufua” hakufai, maana neno hilo ni la dini, na wapo waumini watakaoona si kazi ya binadamu. “Kuhuisha” kunatosha.

Sita, na ndilo gumu kuliko yote, ni jina la mashine. “Difibrileta” halimwambii chochote mpita njia. “Mashine ya kushtua moyo” yaturudisha kwenye kasoro tuliyoanza nayo. “Kiamshamoyo” limependekezwa, lakini sikio la Mswahili litakimbilia kiamshakinywa, na tutakuwa tumetundika ukutani jina linalonuka chai na maandazi. “Kitulizamoyo” ni la washairi na wapenzi wao, tuwaachie. Napendekeza “kirudishamapigo”. Mapigo ya moyo yanajulikana na kila mtu, na lengo la mashine limo ndani ya jina.

Patakuwa na pingamizi kwamba jina hili laahidi kupita uwezo wa mashine, kwa kuwa shoti hukomesha mpapatiko tu, na moyo uliotulia kabisa haurudi kwa shoti. Ni kweli. Lakini “kizimamoto” nacho hakizimi kila moto, na hakuna aliyewahi kulalamika kuwa jina lake ni la uongo. Mashine yenyewe huupima moyo na kukataa kutoa shoti isipofaa. Mpita njia hahitaji kuamua. Wadenmark, ambao mashine hii ilimrudisha Eriksen mbele ya macho yao, wanaiita hjertestarter, yaani kiwasha moyo. Kisayansi jina lao lina dosari kubwa kuliko hili ninalolipendekeza, lakini walichagua kueleweka na watu wengi. Zaidi ya hayo, “kirudishamapigo” kinazaa. Kifaa alichowekewa Eriksen ndani ya mwili baada ya tukio lile kitaitwa “kirudishamapigo cha kupandikizwa”, na kile kingine cha kuuongoza moyo uendao polepole kitaitwa “kiongozamapigo”. Istilahi isiyozaa huishia kuwa neno la orodha tu.

Baada ya kuyapanga hayo, tuliiandika upya rasimu ile: “Mtu ambaye moyo wake umesimama akandamizwe kifua, na kirudishamapigo kiletwe mara moja. Kirudishamapigo kikiamuru, apigwe shoti. Mtu yeyote asimguse wakati shoti inapotolewa.” Nilimsomea yule mzee alipokuja na chai siku ya pili. Safari hii hakuuliza nani kamshtusha nani. Aliuliza: “Na hicho kirudishamapigo kimewekwa wapi?”

Swali hilo la pili si la mkuza istilahi kulijibu. Katika viwanja vingi vya mitaa na vya shule zetu jibu lake ni kwamba hakipo, na mahali kilipo, mara nyingine kimefungiwa katika chumba ambacho ufunguo wake unao mtu mmoja. Hilo ni la wenye viwanja, vyama vya michezo na wenye mamlaka ya afya. Letu ni kuhakikisha kwamba siku kitakapotundikwa, kila anayepita ajue kinaitwaje na ni cha kazi gani. Mapendekezo haya si amri. Wasomaji, na hasa matabibu, makocha na watangazaji wa michezo, wanaombwa watuletee maoni yao kabla istilahi hizi hazijapelekwa kusanifishwa.