Kila Jiwe na Kitanda Chake

Lori lilipoyamwaga mawe langoni, Mama alitoka, akayazunguka, kisha akaniuliza: "Mwanangu, haya ndiyo ya kutandika barazani, au wamekuletea ya msingi?"

Sikumlaumu. Aliyezoea vigae vya kiwandani, vilivyolala ndani ya boksi kama kurasa za msahafu, hawezi kuiona sakafu ndani ya rundo la mawe ya Mazeras. Mawe haya, yenye jina la mji ulio kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, ni mawe ya mchanga. Maji yaliutandaza mchanga wake tabaka juu ya tabaka takriban miaka milioni 200 iliyopita, kabla Bahari ya Hindi haijakuwapo. Machimboni, tindo hupenyezwa kati ya tabaka mbili, nyundo ikashuka, jiwe likabanduka. Linabanduka linavyotaka lenyewe: hili sentimita 2, mwenzake 4, hili la kijivu, lile rangi ya kutu. Moja katika yale yangu lilikuwa na vijiwimbi mgongoni, kama mchanga wa ufuoni maji yanapokupwa.

Hapo ndipo kazi ilipo. Kigae cha kiwandani hutandaziwa gundi kwa mwiko wa meno, kiasi kilekile kuanzia ukuta hadi mlango. Jiwe la asili hulitendei hivyo. Kila moja litakudai kitanda chake: nene hupewa mota kidogo, jembamba hujaziwa, mpaka migongo yote ikutane chini ya uzi mmoja. Atakayeyagawia yote sawasawa atapata sakafu ya kujikwaa.

Kabla ya jiwe la kwanza kuna mambo ambayo hakuna mgeni atakayeyasifu. Mchanga uwe wa mto, tena uchekechwe. Wa ufuoni una chumvi, nayo baadaye hutoka juu ya jiwe kama unga mweupe. Nilichanganya karai moja la saruji kwa manne ya mchanga. Kona niliipima kwa hesabu ya wazee: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na ulalo ukitimia 5 kona imenyooka. Baraza nililiteremsha kidogo kuelekea nje, sentimita 1 na ushei kwa kila mita, mvua isije ikaingia sebuleni bila hodi. Kisha nikashinda kutwa nikipanga mawe makavu, nikiyageuza na kuyabadilishana, nikitafuta ubavu wa hili unaoingia kwenye ubavu wa lile. Mama alipita mara tatu. "Hujaanza tu?" Nami nilikuwa katikati ya kazi.

Siku ya pili jua lilikuwa kali, na mimi nikawa na pupa. Mawe kadhaa niliyalaza bila kuyalowesha. Jirani yetu, fundi mzee aliyekwisha kuweka mwiko chini, alikuja kesho yake kunijulia hali. Nilimwamkia, akaitikia, akaiomba bakora yake iliyoegemea ukutani na kuanza kugonga jiwe baada ya jiwe. Ko. Ko. Ko. Halafu: bo.

"Hili halijalala," akasema.

Yalikuwa matatu. Jiwe kavu huwa na kiu: hufyonza maji ya mota kabla saruji haijashika, na chini hubaki vumbi na hewa. Kwa macho hayakuwa na kasoro yoyote. Lakini mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilishika tindo nikayang'oa, nikakwangua, nikaanza upya.

Mzee hakuondoka. Alikaa akanikumbusha kwamba sakafu ina kitenzi chake, kusakifu, na kwamba katika nyumba za mawe za pwani yetu watu walijipanga kwa safu wakiipigilia chokaa kwa vijiti, siku baada ya siku, huku wakiimba. Nyimbo zilishika mapigo na kuwasahaulisha uchovu. Mapigo yaliishindilia chokaa. Nyundo yangu ya mpira, inayolibembeleza jiwe likae kitandani, ilikuwa inaendeleza kazi hiyohiyo, bila waimbaji.

Baada ya hapo mikono ilijua la kufanya. Nilijaza mianya, nikaifuta saruji kwa sponji kabla haijakauka, kwa sababu jiwe la mchanga lina vinyweleo na doa likishaingia halitoki. Nikafunika magunia na kuyamwagia maji siku 7. Sasa Mama hupokelea wageni pale, na jiwe la vijiwimbi liko mbele ya kiti chake.

Nawe ukitaka kujaribu, anza na baraza dogo. Ukikata jiwe, likate likiwa na maji na uvae barakoa, maana vumbi lake lina silika, nayo huharibu mapafu. Lowesha kila jiwe. Na kabla hujamwita mtu aje kutazama, pita peke yako ukigonga. Lisilolala, ling'oe siku hiyohiyo.