Kosa la Kisu cha Askari: Sulubu, Unadhifu na Mfuko wa Mkazi wa Tegeta

Uamuzi wa Jeshi la Uswisi wa mwaka 2008, wa kukistaafisha kisu cha askari cha mfano wa 1961 na kuweka mahali pake kisu kirefu zaidi, kizito zaidi, chenye bapa la meno na tundu la kidole gumba, ulikuwa uamuzi wa makosa, na uzito wa makosa hayo haupungui kwa sababu tu yalifanywa na wataalamu. Madhara yake yamevuka mipaka ya kambi, kwa kuwa kisu cha askari wa Uswisi ndicho kielelezo ambacho watu wengi duniani hukitumia kupimia kisu chochote cha mfukoni. Mkazi wa Tegeta, Dar es Salaam, anayesimama mbele ya meza ya vifaa kando ya Barabara ya Bagamoyo huchagua kati ya kisu cha sulubu, yaani kile kilichotengenezwa kinene na kizito kwa madai ya kuhimili kazi ngumu, na kisu nadhifu, yaani kile chembamba kilichomaliziwa kwa uangalifu, na hufanya hivyo chini ya kivuli cha uamuzi huo hata kama hajawahi kuusikia.

Wanaokifahamu kisu cha 1961 wanajua kilichoachwa. Urefu wake kikiwa kimekunjwa ulikuwa milimita 93, uzito wake gramu 72 hivi, na mpini wake wa alumini ulibeba zana nne tu: bapa, maharazi ya kutobolea, kifungua kopo chenye bisibisi ndogo nchani, na kifungua chupa chenye bisibisi pana. Nasaba yake ilianzia kwenye mfano wa 1890, ambao visu vyake vya kwanza vilitoka Solingen, Ujerumani, mwaka 1891, kabla ya Karl Elsener wa Ibach kuichukua kazi hiyo na kuifanya ya Waswisi wenyewe. Chuma kisichoshika kutu kiliingia katika mfano wa 1951, na miaka 10 baadaye mpini wa alumini ukakamilisha umbo ambalo lilitumika kwa karibu nusu karne bila kuhitaji kuongezewa kitu. Kisu kilichofuata, ambacho Victorinox, kampuni iliyotokana na kiwanda hicho cha Elsener, ilikishindania katika zabuni ya wazi na kuanza kukikabidhi kwa askari mwaka 2009 katika oda ya visu 75,000, kina urefu wa milimita 111 na uzito wa gramu 131, na kwa hiyo askari aliongezewa mzigo unaokaribia mara mbili ya ule wa zamani.

Kosa la kwanza, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni meno. Bapa la meno ni lile ambalo makali yake hayakunyooka bali yamechongwa mawimbi, kila wimbi likiwa na upinde wake mdogo, ili ncha za mawimbi hayo zishike nyuzi za kitu kinachokatwa wakati kisu kinapovutwa. Faida yake ipo katika kamba, mikanda na vitu vyenye nyuzi ngumu, na hata huko faida hiyo hudumu tu mpaka meno yapoteze ukali. Hapo ndipo tatizo huanza, kwa sababu makali yaliyonyooka hunolewa kwa kinoo chochote, hata kwa kitako cha kikombe cha kauri ambacho hakikupakwa rangi ya kung'aa, ilhali kila wimbi la meno hudai tupa nyembamba ya duara inayolingana na upinde wake, pamoja na subira ya kulinoa moja baada ya jingine. Mnoa visu anayepita mitaa ya Dar es Salaam na baiskeli yake, akiisimamisha na kukanyaga pedali ili jiwe lizunguke, hulirudishia uhai bapa lililonyooka kwa muda mfupi, lakini akikabidhiwa bapa la meno, jiwe lake pana litayasawazisha mawimbi yote na kuacha makali yasiyo ya aina yoyote. Kisu ambacho mwenyewe hawezi kukinoa, wala fundi wa mtaani hawezi, ni kisu chenye tarehe ya kufa tangu siku kiliponunuliwa.

Mahali yalipowekwa meno hayo panazidisha kosa. Katika kisu cha 2008 mawimbi yanakaa upande wa mbele, kuelekea nchani, na makali yaliyonyooka yamebakizwa kipande kifupi karibu na mpini. Mtu yeyote aliyewahi kumenya chungwa kwa mkanda mmoja usiokatika, kama wafanyavyo wauza machungwa wa mitaani, anafahamu kwamba kazi za ustadi hufanywa na theluthi ya mbele ya bapa: huko ndiko mwiba hutolewa kidoleni, ganda la waya huchanwa bila kuukata uzi wa shaba, na tunda huondolewa doa lililooza. Wabunifu wa kisu kipya walilichukua eneo lenye kazi nyingi zaidi na kulikabidhi kwa makali yenye kazi chache zaidi. Hata kama meno yangekubalika, mahali pake palikuwa nyuma, karibu na mpini, ambako mkono una nguvu ya kuvuta kamba.

Kosa la pili ni tundu la kidole gumba, yaani uwazi uliokatwa kwenye bapa ili kidole kilishike na kulifungua kwa mkono mmoja. Ili tundu hilo lifikike, bapa lazima lipanuliwe na sehemu yake ibaki nje ya mpini hata kisu kinapokuwa kimekunjwa, na kwa sababu hiyo kisu huwa kipana mfukoni na hukusanya vumbi na nyuzi za nguo. Inaelezwa kwamba askari aliyeshika kamba kwa mkono mmoja huhitaji kisu kinachofunguliwa kwa mkono mwingine, na hoja hiyo ina ukweli kwa askari na kwa mwokoaji. Raia anayefungua kifurushi nyumbani ana mikono miwili na muda wa kutosha kuitumia. Ni jambo la kuzingatiwa pia kwamba mwaka huohuo wa 2008 Ujerumani ilizuia ubebaji wa visu vinavyofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga hadharani isipokuwa kwa sababu halali, kwa hiyo umbo lililochaguliwa kuwa kielelezo kipya lilikuwa tayari linatiliwa shaka katika nchi jirani.

Kwa upande wa mema, msumeno wa mbao ni mzuri, mpini hautelezi, na kufuli inashika.

Utetezi unaosikika mara kwa mara, kwamba kufuli, yaani kizuizi kinacholizuia bapa lisijikunje juu ya vidole, ndiyo iliyodai ukubwa wote huo, haukubaliki. Opinel ya Ufaransa, inayotengenezwa tangu 1890, ilipata kufuli yake mwaka 1955 kwa pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini wa mbao, nayo ikabaki nyepesi na bapa lake likabaki jembamba. Okapi, iliyoanza kutengenezwa Solingen mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Kijerumani ya Afrika na ambayo tangu 1988 hutengenezwa Afrika Kusini, hujifunga kwa meno ya chuma mgongoni na kufunguliwa kwa kuvuta pete ndogo, huku mpini wake wa mbao ukipambwa kwa nyota na mwezi. Visu hivyo viwili ni rahisi kwa bei, vina kufuli, na hukata vizuri kuliko vinene vingi vya leo. Na ikiwa kilichohitajika ni msumeno, kiwanda kilekile cha Ibach kilikuwa tayari na kisu kiitwacho Farmer, chenye milimita 93 zilezile, alumini ileile na msumeno juu yake. Jibu lilikuwa kwenye rafu ya nyumbani na halikuchukuliwa.

Mzizi wa upotofu huu ni dhana kwamba uimara wa kisu hutokana na unene. Kisu ni kabari: kinapoingia katika kitu, hulazimika kukisukuma kila upande kwa kiasi cha unene wake, na ndiyo sababu bapa lenye mgongo wa milimita 4 hulipasua embe bichi kabla ya kulikata, ilhali bapa la milimita 2 hupita na kuacha vipande viwili safi. Pembe ya makali, yaani mwinamo ambao pande mbili za bapa hukutana nao, ikiwa nyuzi 15 hadi 20 kila upande, mkono husukuma kidogo. Pembe ikiwa butu, mkono husukuma sana, na mkono unaosukuma sana ndio unaoteleza na kujeruhi. Kisu kinene kinachosifiwa kwa usalama wake ndicho kinachomlazimisha mtumiaji kutumia nguvu isiyo salama.

Kazi za Tegeta zinathibitisha hoja hii. Huko, chini ya kilima cha Wazo ambako saruji ya Twiga huzalishwa, kisu cha mfukoni huchana mfuko wa saruji wa kilo 50, hukata kamba ya katani na mpira wa kufungia mzigo kwenye bodaboda, humenya chungwa na kufungua boksi la vigae. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayodai unene. Vumbi la saruji na mchanga hula makali ya kila chuma, kinene kwa chembamba, na dawa yake ni kunoa mara kwa mara, jambo ambalo chuma chenye ugumu wa wastani hulipokea vizuri: visu vya Victorinox hukaribia 56 katika kipimo cha Rockwell, ambacho hupima jinsi chuma kinavyostahimili kubonyezwa, na kiwango hicho hakihitaji zaidi ya kinoo cha kawaida. Hewa ya chumvi inayovuma kutoka pwani ya Kunduchi nayo ina sauti yake, kwa maana chuma cha kaboni cha Okapi hudai kupanguswa na kupakwa mafuta, na asiyekuwa na nidhamu hiyo achukue kisichoshika kutu.

Kazi ngumu kwelikweli, kama kupasua dafu, kukata mti au kuvunja ubao, zina chombo chake, nacho ni panga, na hapa kuna deni la zamani linalostahili kukumbushwa. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitengeneza majembe na mapanga ndani ya jiji hilihili, na kuachwa kwake kizorote ni hasara ambayo hakuna kisu kinene cha kuagizwa kitakachoifidia. Hasara hiyo ni kubwa zaidi katika nchi ambayo mafundi wake wa Kagera, kama walivyoonyesha Peter Schmidt na Donald Avery mwaka 1978, walizalisha chuma cha kaboni miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Walinzi wa Kimaasai wa jijini hubeba sime kiunoni, ndani ya ala, mahali ambapo chombo cha sulubu kinastahili kukaa. Mfuko haukuumbwa kuwa ala ya panga dogo.

Suala la kubeba hukamilisha hukumu. Kisu cha gramu 131 huuvuta chini mfuko wa kanzu na kuutoboa ule wa suruali ya kitambaa, na mwenye nacho huanza kukiacha nyumbani, ambako hakimfai mtu yeyote. Aidha, bapa kubwa lenye meno likifunguliwa ndani ya daladala iliyojaa, hata kwa ajili ya kumenyea tunda, huwatia abiria hofu ambayo kisu kidogo cha alumini hakijawahi kuwatia. Uingereza imeliweka jambo hili katika sheria kwa kuruhusu kisu kinachokunjika, kisicho na kufuli, ambacho makali yake hayazidi inchi 3, na kipimo hicho ni cha busara hata pale ambapo hakuna sheria inayokitaja.

Kwa hiyo, mnunuzi wa Tegeta anapaswa kuliuliza bapa kabla ya kuuliza mpini: makali yamenyooka yote, mgongo hauzidi milimita 2 na nusu, uzito uko chini ya gramu 100, na bawaba haichezi bapa linapotikiswa. Kisu kitakachotimiza masharti hayo kitakuwa nadhifu, na kwa sababu kitanoleka na kubebeka kila siku, kitafanya kazi nyingi zaidi kuliko kile kilichouzwa kwa jina la sulubu. Askari wa Uswisi alipewa kisu chake bila kuulizwa. Raia anayetoa fedha yake mwenyewe hana sababu ya kulirudia kosa ambalo hakulazimishwa kulifanya.