Najum Baada ya Bwana Msa: Uaminifu kwa Mfumo Uliotoweka katika Riwaya za Muhammed Said Abdulla

Sehemu hii inarejea swali lililoachwa wazi katika mjadala uliotangulia: lau Najum angefikwa na Januari 1964, je, angebaki mwaminifu kwa ulimwengu wa Bwana Msa? Huenda ikasemwa kuwa swali hili halina msingi, kwa kuwa mhusika hana maisha nje ya kurasa zake. Hata hivyo, tarehe za uchapishaji zinalilazimisha. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa 1960, baada ya kushinda mashindano ya uandishi ya 1957–58. Riwaya nyingine zote za Bwana Msa, kuanzia Kisima cha Giningi (1968) hadi Kosa la Bwana Msa (1984), zilitoka baada ya Mapinduzi. Pamoja na hayo, Bwana Msa anaendelea kuvuta kiko chake, Najum anaendelea kumfuata, na Unguja wanayoitembelea ni ileile ya mabwana wenye mashamba, watumishi na urithi. Kwa hiyo Najum amekwishafikwa na 1964 bila ya kuambiwa.

Jibu lililozoeleka ni kwamba mwandishi alikwepa siasa, na kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Kwa jibu hilo, Najum ni Watson tu, na uaminifu wake ni sharti la utanzu wa upelelezi: lazima awepo mtu wa kukosea ili mwingine apatie. Mtafiti anakubali kuwa ufanano huo upo, na haoni haja ya kuurudia. Umeelezwa vya kutosha na wahakiki waliotangulia. Lisiloelezwa ni kile hasa ambacho Najum ni mwaminifu kwacho. Katika urafiki wao mna mambo mawili yaliyosukwa pamoja. La kwanza ni njia ya kufikiri: kutokubali kwamba mzimu umeua mpaka ithibitike kuwa hapana mkono wa binadamu. La pili ni ubwana, yaani daraja linalomfanya Msa apokewe katika kila nyumba, aulize anachotaka na ajibiwe.

Wasomaji wenye huruma na riwaya hizi hupenda kuyatenganisha. Husema ubwana ulikufa na wakati wake, njia ya kufikiri ikabaki, na Najum angeweza kuichukua hiyo na kuuacha huo. Mtafiti alikuwa na rai hiyo alipoanza kazi hii. Kuzisoma upya riwaya kumemfanya ashuku, kwani mantiki ya Bwana Msa haielei hewani. Inakula nasaba. Nani ni mtoto wa nani, nani alizaliwa ndani ya ndoa na nani nje, nani angerithi lau fulani asingekuwepo: hayo ndiyo malighafi ya upelelezi wake. Bwana Ali, mwenye mashamba anayeuawa katika riwaya ya kwanza, ana thamani kwa muuaji kwa sababu ana mali ya kurithiwa. Mwaka 1964 ardhi ilitaifishwa, na kuanzia 1965 mashamba yalianza kugawiwa kwa eka tatu tatu. Sababu kubwa ya kuua katika ulimwengu wa Bwana Msa iliondolewa kwa amri ya Serikali. Njia yake haikukanushwa na mtu; ilikosa kazi.

Hapa ndipo inapofaa kumtazama Kijakazi wa Adam Shafi. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), mtumishi huyo anamtumikia bwana wake kwa moyo wake wote, na Mapinduzi yanapofika hayamfungui papo hapo. Uaminifu wake unaendelea baada ya mfumo uliouzaa kuanguka, na riwaya inachukua muda mrefu kumtoa humo. Adam Shafi anaijua hatari ambayo Muhammed Said Abdulla anaipita kimya: mtu anaweza kuendelea kutii amri isiyokuwa tena na mwenyewe. Tofauti ni kwamba Kijakazi alifundishwa kutumika, na Najum alifundishwa kushuku. Kijakazi akibadilika, anamwacha bwana. Najum akibadilika kwa kushuku, anamtii mwalimu. Mwanafunzi wa Bwana Msa aliye mwaminifu kweli angelazimika siku moja kuuliza swali ambalo Bwana Msa mwenyewe haulizi: shamba hili lilipatikanaje, na wale wanaolima mihogo chini ya mikarafuu bila ya haki ya kupanda hata mnazi mmoja ni mashahidi wa nini?

Mtafiti anaisoma kazi hii akiwa mtu wa Kendwa, na hilo si jambo la pembeni. Kendwa, kaskazini ya Unguja karibu na Nungwi, iko katika ardhi ya mawe. Mikarafuu na kasri za mabwana zilikuwa katika ukanda wa rutuba wa magharibi na wa kati. Mwandishi naye alizaliwa Makunduchi (1918), kusini, katika ardhi ya mawe vilevile. Huenda ndiyo sababu mashamba katika riwaya zake yana sura ya mahali panapotazamwa na mgeni anayestaajabu. Kwa mzee wa Kendwa, kuanguka kwa umwinyi ilikuwa habari ya kweli, lakini iliyotukia zaidi kwenye ardhi ya wengine.

Sasa mizani imegeuka. Ardhi ya mawe iliyo ufukweni, ambayo mkulima wa karafuu asingeitaka hata kwa bure, imekuwa ya thamani kubwa tangu hoteli zilipoanza kujengwa. Kisheria ardhi yote ni ya umma, na Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992 inazungumzia haki ya matumizi. Lakini minazi ina wenyewe, na wenyewe wana warithi. Nani alipanda mnazi ule? Nani ni mtoto wa nani? Malighafi ya Bwana Msa imerudi, safari hii katika kijiji kisichokuwa na bwana.

Kwa hiyo mtafiti anapinga rai kwamba Najum angebaki na uaminifu wa kumbukumbu tu, akimkumbuka mzee na kiko chake. Kazi ingemngoja. Kinachobaki kuwa kigumu ni jambo la pili, ubwana. Bwana Msa huingia majumbani kwa sababu anajulikana. Hukaribishwa barazani, na watumishi humwambia wasichowaambia polisi, hata Inspekta Seif. Najum wa leo asingekuwa na baraza hiyo. Pale Kendwa angekutana kwanza na mlinzi wa geti, akaulizwa anamtafuta nani na ana miadi na nani. Riwaya saba hazikumfundisha la kujibu, kwa kuwa mwalimu wake hakuwahi kuulizwa.