Chura katika Kifungu cha Ufahamu: Mtoto wa Kapkatet kama Msomaji

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameshughulikia riwaya, tamthilia na ushairi kwa kina, lakini kifungu cha ufahamu cha darasa la pili wamewaachia wataalamu wa ufundishaji. Mwachano huu una athari zake. Kwa watoto wengi kifungu hicho ni miongoni mwa matini andishi za kwanza wanazokutana nazo, na humo ndimo wanamojifunza kusoma ni kufanya nini. Makala haya yanachunguza vifungu vinavyohusu amfibia, hususan chura, kwa kumlenga mtoto wa Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Hoja inayotetewa ni kwamba udhaifu wa somo la ufahamu haumo sana katika mada inayoteuliwa. Umo katika swali linaloulizwa baada ya kusoma.

Msomaji na lugha yake

Chura si mgeni kwa mtoto wa Kapkatet. Humsikia usiku baada ya mvua, na humwona katika mabonde yenye majimaji chini ya mashamba ya chai. Hata hivyo, ujuzi huo kwa kawaida ameupata kwa Kikipsigis, ilhali kifungu kimeandikwa kwa Kiswahili. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza, na Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa hayo 2019, umeendeleza msimamo huo. Kwa hiyo mtoto huja katika somo la Kiswahili akiwa na kitu, lakini bado hana neno. Swali la kihakiki ni iwapo kifungu kinakitambua kitu hicho au kinampokea kana kwamba amekuja mikono mitupu.

Swali linalonakiliwa

Chukulia sentensi hii ya mfano: “Kiluwiluwi hupumua kwa matamvua.” Swali linalofuata huwa: “Kiluwiluwi hupumua kwa nini?” Mtoto asiyejua kiluwiluwi wala matamvua anaweza kunakili neno la mwisho la sentensi na kupata alama zote. Mwenzake, aliyewahi kuchota viluwiluwi kwa kikopo, huenda akajibu: “Ili asife.” Huyu amelielewa “kwa nini” kuwa linauliza sababu, nayo ni maana halali katika Kiswahili. Amefikiri, na amekosa. Ni dhahiri kwamba zoezi la namna hii humtuza anayeiepuka maana na kumwadhibu anayeitafuta. Mpango wa Tusome, uliosambazwa nchini kuanzia 2015, ulitumia idadi ya maneno yanayosomwa kwa dakika kuwa kipimo kimojawapo. Wepesi huo una thamani yake, lakini hauwezi kuwatofautisha watoto hawa wawili.

Neno “matamvua” lenyewe lina utajiri ambao swali limeupita. Matamvua ni nyuzi zinazoning'inia kwenye pindo la nguo. Mtoto wa nyanda hizi za baridi huenda anayaona kila siku kwenye shali ya mama. Mwalimu anayeanzia kwenye shali anafundisha sitiari bila kuitaja, na istilahi ya sayansi inageuka kuwa picha.

Mapengo ya matini

Louise Rosenblatt, katika kazi yake ya 1978, alitofautisha usomaji unaolenga habari ya kuchukua na usomaji unaoishi tajriba ya matini yenyewe. Wolfgang Iser naye alisisitiza mapengo ambayo msomaji hana budi kuyajaza. Maisha ya chura ni msuko wenye mapengo kama hayo. Miguu ya nyuma huchomoza, kisha ya mbele, halafu mkia haupo. Umekwenda wapi? Watoto watasema umekatika au umeliwa, na kila jibu litahitaji ushahidi kutoka katika kifungu. Ukweli kwamba mwili wenyewe huufyonza mkia huo utapokelewa kama ufumbuzi wa fumbo. Swali la pili ni gumu zaidi: kiluwiluwi na chura ni mhusika mmoja au wawili?

Kifungu kimoja hakitoshi. Mtoto aliyesoma kwamba chura hutaga mayai majini asomeshwe pia habari za chura wa Kihansi, aliyegunduliwa 1996 kwenye maporomoko ya mto huo, Tanzania. Huyu huzaa vichura vilivyokamilika. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme na ugonjwa wa kuvu kuzuka. Mwaka 2012 vyura waliokuzwa Marekani walianza kurejeshwa huko. Hapo msomaji analazimika kurekebisha alichokiamini, na kurekebisha huko ndiko ufahamu.

Aidha, ipo methali: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Katika jamii ya wafugaji kama Wakipsigis, mtoto atasimama upande wa ng'ombe mara moja. Lakini aliyejifunza kwamba chura dume hulia kumwita jike anaweza kuuliza: ni nani aliyesema kelele hizo zilimlenga ng'ombe? Swali hilo limevuka sayansi na kuingia katika uhakiki.

Hitimisho

Hapana budi kukiri kwamba swali linalonakiliwa lina sababu yake: mwalimu mwenye darasa kubwa hulisahihisha upesi. Hivyo haitakuwa haki kumtwika mwalimu lawama yote. Mwandishi wa kifungu ndiye anayeweza kubadilisha mambo kwanza, kwa kuweka angalau swali moja ambalo jibu lake haliwezi kunakiliwa, na kwa kumpa mwalimu majibu kadhaa yanayokubalika. Mhakiki naye ana wajibu wa kuvisoma vifungu hivi kwa makini yale yale anayoyatoa kwa riwaya. Mtoto aliyejibu “Ili asife” alikuwa msomaji tayari. Alichokosa ni swali lililomtambua.